Kilwa 1502: Lau Amiri Ibrahim Asingeingia Mashuani

Mwezi Julai 1502 Vasco da Gama aliingiza merikebu zake katika bandari ya Kilwa, akamtaka mtawala wa mji aje wakutane majini. Amiri Ibrahim bin Sulaiman alikwenda. Alipokuwa mashuani, mkononi mwa Wareno, aliambiwa achague mawili: akubali kuwa chini ya Mfalme Manuel wa Ureno na kumlipa kodi ya dhahabu kila mwaka, au mji wake upigwe mizinga. Akakubali, na akaachiwa arudi nchi kavu. Bwana wa bandari iliyotawala dhahabu ya Sofala kwa vizazi vingi alikuwa ametekwa mbele ya mji wake mwenyewe.

Tangu hapo wapenda historia wa pwani wamejiuliza: lau asingekwenda, Kilwa ingekuwaje? Swali hilo ni halali, mradi tulijibu kwa kupima nguvu alizokuwa nazo kila mmoja siku ile, tukiziweka kando ndoto zetu za leo.

Tuanze na mji. Kilwa Kisiwani imetengwa na Kilwa Masoko ya leo kwa mlangobahari mwembamba. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika hapo akaihesabu miongoni mwa miji mizuri, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Jumba la Husuni Kubwa na ukuzaji wa Msikiti Mkuu huhusishwa na utawala wake. Sarafu yenye jina lake imepatikana mbali kabisa, katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Dhahabu ilitoka bara hadi Sofala, ikapanda na majahazi hadi Kilwa, ikavuka kwenda Arabuni na Bara Hindi. Nguo, shanga na vyombo vya Uchina vikarudi kwa njia hiyohiyo.

Lakini Wareno walipofika, nyumba ya ufalme ilikuwa imepasuka. Kwa muda mrefu maamiri na mawaziri walikuwa wakiwapandisha na kuwashusha masultani. Mwishoni mwa karne ya 15 Sultani al-Fudail aliuawa, na lawama ikamwangukia Ibrahim, aliyebaki akiushika mji. Ndiyo maana wengi waliendelea kumwita amiri, cheo cha mtumishi wa sultani. Wareno walimwita mfalme kwa sababu walihitaji mtu wa kutia ahadi. Raia walijua kwamba kiti kile kina damu.

Mpasuko huo ndio unaoeleza kilichofuata. Kodi ya kwanza ilipangwa kuwa mithkali 1,500 za dhahabu, zaidi ya kilo 6. Da Gama hakutosheka na neno la Ibrahim, akataka mtu wa kubaki rehani hadi malipo yafike. Ibrahim akamtoa Muhammad bin Rukn al-Din, ambaye Wareno walimwita Ankoni, tajiri mkubwa wa mji aliyekuwa karibu na hazina na aliyekuwa na uhusiano mwema na ukoo wa al-Fudail. Kisha akachelewesha dhahabu. Kama Wareno wangemuua mtu wa rehani, Ibrahim angekuwa ameondolewa hasimu wake bila kunyanyua upanga. Ankoni aliutambua mtego, akalipa dhahabu kwa mali yake mwenyewe, akajikomboa.

Dhahabu ile ipo hadi leo. Mfalme Manuel aliagiza itengenezwe chombo cha ibada, na sonara Gil Vicente akakikamilisha mwaka 1506. Kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa la sanaa, Lisbon. Mtanzania anayekitazama anapaswa kujua kwamba anatazama fidia ya mateka wa Kilwa.

Sasa tulipime lile swali. Tuseme Ibrahim angebaki nyumbani kwake. Da Gama alikuwa na mizinga ambayo mji haukuwa na silaha ya kuijibu, na Mombasa inatuonyesha ingekuwaje: Agosti 1505 ilikataa, ikapigwa, ikaporwa na kuchomwa moto. Kilwa ingeumia mapema zaidi. Hata hivyo Da Gama alikuwa safarini kwenda Bara Hindi na hakuja na jeshi la kukaa. Moshi ungepungua, merikebu zingeondoka na pepo za kusi, na njia ya Sofala ingebaki mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Kukataa kungewagharimu nyumba na roho za watu, lakini kusingewapotezea biashara siku hiyo.

Tuseme tena kwamba Da Gama angeondoka naye hadi Cochin au Lisbon. Kiti kingekuwa wazi, na Ankoni angekuwa mtu wa karibu zaidi kukikalia, miaka 3 kabla ya wakati wake. Hapa hatuna haja ya kubuni sana, maana jambo hilo lilijaribiwa kweli. Julai 1505 kamanda wa Kireno, Francisco de Almeida, alifika na merikebu nyingi. Ibrahim hakuwa amelipa kodi, na safari hii hakwenda majini. Askari wa Kireno walipoteremka alikuwa ameshatoroka kuelekea bara. Almeida akamsimika Ankoni kwa taji la dhahabu lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin, akajenga ngome ya Santiago na kuacha askari ndani yake.

Ankoni hakuwa wa damu ya kifalme, naye alilijua hilo kuliko waliomvika taji. Aliomba kwamba baada yake kiti kirudi kwa mwana wa al-Fudail, wala kisiende kwa watoto wake mwenyewe. Kwa ombi lile mfanyabiashara huyu alionyesha kuielewa Kilwa kuliko manahodha wote wa Mfalme Manuel. Halikumwokoa. Mwaka 1506 aliuawa kwa hila iliyosukwa na Ibrahim kutoka huko alikokimbilia. Mji ukagawanyika, wengine upande wa mwana wa Ankoni, Haji Hasan, wengine upande wa Micante wa ukoo wa al-Fudail. Wareno walimpitisha mmoja, kisha wakamgeukia mwingine. Mwaka 1512 waliiacha ngome yao, na Ibrahim, yule mateka wa 1502, akarudi kuitawala Kilwa.

Ulaya yenyewe ilipata somo hilohilo la kumteka mtawala miaka 23 baada ya Kilwa. Tarehe 24 Februari 1525, vitani Pavia, Mfalme Francis I wa Ufaransa alitekwa na majeshi ya Charles V. Mkataba wa Madrid wa Januari 1526 ulimtaka aitoe Burgundy, na ili aachiwe aliwatoa wanawe wawili wabaki rehani mahali pake. Alipovuka mpaka aliukana mkataba, akisema ahadi ya mfungwa haimfungi, na vita vikaendelea. Wanawe walirudi mwaka 1530. Francis na Ibrahim walifanana katika kutoa rehani na kuvunja ahadi. Walitofautiana katika jambo moja kubwa: Ufaransa ilikuwa na mfalme ambaye uhalali wake haukuwa na mgogoro, kwa hiyo mama yake, Louise wa Savoy, aliishika serikali na kiti kikamsubiri. Kilwa ilikuwa na amiri ambaye nusu ya mji ilitamani asirudi.

Kilichoivunja biashara ya Kilwa ni uamuzi mwingine, uliofanywa mbali na ile mashua. Mwaka uleule Ankoni aliposimikwa, 1505, Wareno walijenga ngome Sofala, wakazuia wafanyabiashara Waislamu kununua dhahabu bila idhini yao. Majahazi yakakosa shehena. Matajiri wakahama kwenda Malindi, Angoche na kwingineko. Ibrahim aliporejea alikuta kiti chake, lakini mshipa uliokilisha ulikuwa umefungwa.

Desturi ya kumshika mtawala ili kuishika nchi haikuishia pwani wala karne ile. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda, wakamsimika mwanawe Rudahigwa, wakampeleka Musinga Kamembe na baadaye Moba, Kongo, alikofia mwaka 1944. Watu wa Kivu na Maziwa Makuu wanajua vizuri jinsi jeraha la kiti kilichogawiwa na mgeni linavyoweza kukaa miaka mingi bila kupona.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lau Ibrahim asingeingia mashuani, Kilwa ingechelewa kuanguka, pengine kwa miaka michache. Lau al-Fudail asingeuawa, Da Gama angekutana na mji wenye sultani mmoja na neno moja, asipate hasimu wa kumtumia dhidi ya mwenzake. Mizinga ingekuwa ileile, lakini Almeida asingepata mtu wa kumvika taji. Kwa hukumu yangu, siku iliyoamua hatima ya Kilwa ilikuwa siku ya kifo cha al-Fudail, wakati hakuna Mreno hata mmoja aliyekuwa bandarini.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini mwaka 2004, na baada ya ukarabati yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Walimu wa historia wawapeleke wanafunzi wao pale, na wasiwafundishe kuhusu mizinga tu. Wawafundishe pia kwamba mji uligawanyika kwanza, na mgeni akaja baadaye.