Bumu, Laptopu na Kompyuta ya Wizara ya Fedha

Nimepotea kidogo, majaribio yalitubana kweli kweli.

Bumu limeingia juzi na hapa chumbani gumzo ni laptopu tu. Mwenzangu wa kitanda cha juu anataka kwenda Kariakoo akanunue "yoyote itakayowaka". Mimi mtu wa historia bwana, nikamwambia tulia kwanza nikupe stori ya serikali yetu.

Mwaka 1965 Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza pale Wizara ya Fedha, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Hela ilitoka, mashine ikaja, ila Watanzania wa kuiendesha walikuwa wa kuhesabu, hivyo wageni ndio walioishika. Baadaye wakahamia mashine nyingine, ya ICL, na hapo ndipo kazi ya hesabu za serikali ikavurugika hadi wakarudia njia za zamani. Mwaka 1974 serikali ikachoka: marufuku kuingiza kompyuta nchini! Televisheni nazo zikapigwa marufuku humo humo.

Wengi wakisikia hii wanacheka. Mimi sicheki sana. Fedha za kigeni zilikuwa za shida, na kitu kimekula hela halafu hakifanyi kazi, hata wewe ungekasirika. Ila walichokifungia ni mashine, wakati kilichokosekana ni watu. Na angalia bahati mbaya: Januari 1975 gazeti moja la Marekani, Popular Electronics, likaweka kwenye jalada Altair 8800, kompyuta ya mtu binafsi ya kuunganisha mwenyewe nyumbani. Haikuwa na kibodi wala skrini, ni swichi na vitaa tu, na kumbukumbu yake baiti 256. Mwaka 1981 ikaja IBM PC, bei yake ya kuanzia dola 1,565. Yaani kompyuta inashuka kutoka wizarani kuja mezani kwa mtu, sisi mlango tumeufunga! Katazo lilikuja kulegezwa baadaye, taratibu.

Mnadhani yameisha? Kwenye BTP mwaka jana nilipangiwa shule moja (jina naliacha) yenye kompyuta sita za msaada. Zimefunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni kwa bibi. Nikamuuliza mwalimu wa zamu, akanijibu, "Mwalimu, hizo zina nywila, na aliyezileta alishaondoka." Nilikaa naziangalia nikaikumbuka 1965. Wanafunzi wa pale walichora kibodi kwenye daftari, jamani.

Kwa hiyo mwenzangu nimemwekea masharti. Kwanza aseme anaitakia nini: kuchapa kazi za darasani na kuandaa maandalio ya somo hakuhitaji mashine ya wacheza gemu. RAM isipungue GB 8, diski iwe SSD. Kama ni ya mtumba, prosesa iwe Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, maana Windows 10 ilikoma kupewa matengenezo ya kawaida Oktoba 2025 na mashine nyingi za nyuma ya hapo haziikubali rasmi Windows 11. Dukani achomoe chaja aache iendelee kuwaka nusu saa, aone betri inashuka kiasi gani. Abonyeze kila kitufe, ajaribu kamera na matundu ya USB. Na asitoke kabla haijafunguliwa kwa akaunti yake mwenyewe, sio ya muuzaji. Akifika chumbani, nakala ya kazi zake ikae pengine pia, hata kwenye flashi, umeme wetu mnaujua.

Akaniuliza, "Na wewe utanifundisha Excel?" Nimekubali, kwa chipsi mayai mbili. Jumamosi asubuhi tunaenda wote, anayetaka kuongozana atukute kituoni saa tatu.