Kosovo: Uzito wa Jina la Jamhuri

Kosovo haina pwani, na eneo lake halifiki kilomita za mraba 11,000. Tangu ilipotangaza uhuru tarehe 17 Februari 2008, wanasheria na serikali za dunia hawajakubaliana kama ni dola au la. Wanaoukataa uhuru huo husema Kosovo ilikuwa mkoa wa Serbia, na mkoa hauna haki ya kujitenga. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu inachukulia cheo cha kiutawala kuwa haki ya asili.

Waserbia huanza hoja yao na mwaka 1389, walipopigana na Waturuki katika uwanda wa Kosovo, na huonyesha monasteri za kale kama ile ya Dečani. Kumbukumbu hiyo inastahili heshima, lakini haimpi mtu yeyote hati ya kuwamiliki wakazi wa leo. Serbia ya kisasa iliitwaa Kosovo kwa silaha mwaka 1912, na Waalbania walio wengi humo hawakuulizwa. Chini ya Tito, kiongozi wa Yugoslavia, ikawa sehemu ya Serbia yenye mamlaka ya ndani, na mwaka 1974 ikapata katiba yake, bunge lake na kiti katika urais wa pamoja wa shirikisho. Ilikosa jina la jamhuri tu.

Kukosa jina hilo kuliigharimu. Yugoslavia ilipovunjika, tume iliyoongozwa na Mfaransa Robert Badinter iliikubali mipaka ya jamhuri kuwa mipaka ya mataifa. Montenegro, yenye watu wachache kuliko Kosovo lakini iliyokuwa jamhuri, ikabaki na njia ya kutokea. Kosovo haikuwa nayo, na tayari mwaka 1989 kiongozi wa Serbia, Slobodan Milošević, alikuwa ameipokonya mamlaka yake. Maelfu ya Waalbania walifukuzwa kazini, na watoto wao wakasomea katika nyumba za watu. Ibrahim Rugova aliongoza upinzani wa amani miaka yote hiyo. Mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita vya Bosnia, ukawapita Waalbania hao kana kwamba hawapo. Baada ya hapo ndipo wapiganaji wa UÇK, Jeshi la Ukombozi la Kosovo, walipopata nguvu. Mwaka 1999 watu zaidi ya 800,000 walifukuzwa nchini mwao, NATO ikapiga mabomu kwa siku 78, na Azimio 1244 la Baraza la Usalama likaikabidhi Kosovo kwa Umoja wa Mataifa.

Msomaji wa Afrika atakumbuka azimio la Cairo la 1964, ambalo nchi za Afrika zilikubali kuheshimu mipaka iliyorithiwa, na hofu iliyolizaa ni ya haki. Hata katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji wa bara letu walitofautiana. Tarehe 22 Julai 2010, kwa kura 10 dhidi ya 4, mahakama ilisema tangazo la Kosovo halikuvunja sheria ya kimataifa. Abdul Koroma wa Sierra Leone alipinga. Abdulqawi Yusuf wa Somalia aliunga mkono, lakini akalalamika kwamba wenzake walilikwepa swali la watu kujiamulia mambo yao.

Lalamiko la Yusuf lina uzito mkubwa. Mwaka 2014 Crimea ilipojitenga na Ukraine, viongozi wake waliutaja uamuzi huohuo, ilhali chini ya Ukraine Crimea haikuwa imepitia miaka kumi ya kunyang'anywa haki wala kufukuziwa watu wake. Laiti mahakama ingesema wazi kwamba ukandamizaji wa namna hiyo ndio unaozaa haki ya kujitenga, tofauti hiyo ingeonekana.

Haki hiyo inawadai Waalbania wa Kosovo wenyewe pia. Machi 2004 makundi ya Waalbania yalichoma makanisa na nyumba za Waserbia, na jumuiya ya manispaa za Waserbia iliyoahidiwa mjini Brussels mwaka 2013 imecheleweshwa mno. Tanzania iliitambua Kosovo mwaka 2013, na Kenya mwaka 2025. Zilifanya sawa. Sasa ziitumie sauti yao kuitaka serikali ya Kosovo mjini Pristina itimize ahadi hiyo ya Brussels.