Kamera ya pili, ile ya mfukoni

Wadau, juzi mwenzangu wa chumba cha habari kaniuliza: mtu mwenye Canon kubwa ya kubadilisha lenzi anunue kamera gani ndogo ya kutembea nayo? Yeye alikuwa anahesabu inavuta mara ngapi. Nikamwambia aache kwanza hesabu hiyo, nimsimulie yaliyowapata watu wa Canon mwaka 2006.

Shida ya kamera kubwa kila ripota anaijua. Ukiitoa tu kwenye begi, watu wanabadilika: huyu anaweka sura ya pasipoti, yule anauliza kibali kiko wapi. Mwitaliano Alex Majoli, mpiga picha wa Magnum, alifanya kazi Congo na Iraq akiwa na Olympus C-5050, kamera ndogo iliyotoka mwaka 2002, ya megapikseli 5 tu, ambayo ungedhani ni ya mtalii. Lakini si kila kamera ya mtalii ingeweza kazi hiyo. Lenzi yake ilifunguka hadi f/1.8, na ilihifadhi faili ghafi, yaani picha kabla kamera haijaamua yenyewe rangi na mwanga.

Sasa Canon. Mfululizo wao wa PowerShot G ulianza mwaka 2000, na G6 ya 2004 ilikuwa kama mdogo wa damu wa kamera kubwa: lenzi ya f/2.0, kioo cha nyuma cha kugeuza, faili ghafi, na juu yake unapachika flashi ileile uliyo nayo. Ikaja G7 mwaka 2006. Nzuri kwa macho, megapikseli 10, inavuta mara 6 badala ya 4. Ila kioo hakigeuki tena, lenzi inaanzia f/2.8 (nusu ya mwanga hiyo, jamani) na faili ghafi imeondolewa kabisa.

Waliolalamika hawakuwa wanadeka. Kihisi mwanga cha kamera hizi kilikuwa kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35 kwa zaidi ya mara 20, kwa hiyo ukumbini usiku chini ya taa za manjano picha inajaa chengachenga. Ukiwa na faili ghafi, unaweza kuiokoa kidogo ukirudi ofisini. Bila hiyo, unampelekea mhariri kile kamera ilichoamua.

G8 haikuwahi kutoka. Mwaka 2007 ikaja G9, faili ghafi imerudi. G10 ya 2008 ikapanda hadi megapikseli 14.7, kisha G11 ya 2009 ikashuka hadi 10 na kioo cha kugeuza kikarudi. Kampuni kushusha namba iliyokuwa inaitangazia biashara! Mimi nasoma hapo kukiri kosa, ingawa wenyewe wangeliita jina jingine. Mwaka 2012 Sony wakatoa RX100, kihisi chake karibu mara tatu ya hivyo vya G, na mashindano ya megapikseli kwenye kamera za mfukoni yakapoteza utamu.

Mwenzangu kaishia kununua G9 ya mtumba. Betri imechoka, anatembea na mbili, lakini flashi yake ya kamera kubwa imekaa juu yake na inawaka.