Gari la Mjerumani na watu walioshika kamba

Wadau, Desemba ikifika kule kwetu Marangu, barabara ya kutoka Himo hujaa magari ya watu wanaorudi kula Krismasi. Mchagga na gari, hayo mnayajua, sina haja ya kueleza. Kwa hiyo bei haikunishtua sana niliposoma habari za Mercedes-Benz 540K ya mwaka 1936, gari la michezo la paa la kukunja, lililouzwa mnadani Pebble Beach, Marekani, Agosti 2012, kwa dola milioni 11.77.

Kilichonishangaza ni jinsi lilivyonadiwa. Wauza magari ya kale hawauzi chuma tu, wanauza na historia yake. Lile lilikuwa la familia ya kibwanyenye ya von Krieger, likakaa miaka mingi limefungiwa kwenye gereji huko Connecticut, na hata vipisi vya sigara vyenye rangi ya mdomo vilivyokutwa ndani vikaingia kwenye habari zake. Kipisi cha sigara kina kumbukumbu!

Haya, turudi nyumbani. Na sisi tulishapitiwa na gari la Kijerumani lisilo na paa, tena la kihistoria kweli kweli. Luteni Paul Graetz aliondoka nalo Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Halikuwa la michezo hata kidogo. Lilitengenezwa Gaggenau, likainuliwa juu sana ili lipite kwenye visiki na mawe.

Sasa jiulize. Mwaka 1907 barabara ya gari hakuna, na reli ya kati ilifika Morogoro Desemba, Graetz akiwa ameshaondoka Dar. Petroli ilibidi itangulizwe vituoni. Iliendaje bara? Kwa vichwa vya wapagazi. Na gari likizama kwenye tope, linatolewa na nani? Na wanavijiji, kwa kamba. Kumbuka Vita ya Maji Maji ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa, na kusini watu wanakufa kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Katika nchi iliyotoka kuonyeshwa hayo, mzungu akikuambia shika kamba, unashika.

Graetz alirudi kwao, mwaka 1910 akatoa kitabu. Jina lake lipo, la kiwanda lipo. Wa kwenye kamba wamebaki "wenyeji".

Watu wa Marangu tunaijua hadithi hii. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 1889, dunia ikawajua. Mzee wetu Yohani Kinyala Lauwo alikuja kutambuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza katika maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989. Alifariki 1996. Wapo wanaobisha kama kweli ni yeye. Wabishe, lakini angalau lipo jina la kubishania.

La gari hakuna hata moja. Kama wewe ni wa Mpwapwa, au wa pande za Ziwa Tanganyika, na babu zako walikuwa wakisimulia habari za gari la kwanza kuonekana kijijini, tafadhali niandikie.