Nusu Tangi Kwenye Barabara ya Zambia

Madereva wa zamani wa njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma hawangoji geji ishuke chini. Ikigusa nusu, wanatafuta sheli. Mimi ni fundi wa pampu za dizeli hapa Iringa, na vijana wanaoniletea magari husema hiyo ni hofu ya wazee tu. Nawapinga. Desturi hiyo ina chanzo, nacho ni Novemba 1965, waziri mkuu Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Mafuta ya Zambia yalikuwa yakipitia huko. Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta Desemba ile, Smith naye akaifungia Zambia. Ndege za Waingereza, Wakanada na Wamarekani zikabeba mafuta kwa mapipa, lakini migodi ya shaba haiwezi kuishi kwa ndege. Kazi ikaangukia malori. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na Fiat za Italia zikaanza kupanda kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya: kwenda na mafuta, kurudi na shaba. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Wazungu waliibandika jina la jehanamu, na wazee walionifundisha kazi hawakulipinga.

Kuishiwa mafuta ni balaa la namna yake kwa gari la dizeli. Petroli ikiisha, unamimina nyingine na safari inaendelea. Dizeli ikiisha, pampu huvuta hewa, na hewa hubonyea. Nozeli hazipati mgandamizo wa kufunguka, mashine haiwaki hata ukijaza tangi pomoni. Tena pampu hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayoisukuma, kwa hiyo ikizunguka kavu, chuma husaga chuma. Dereva wa Fiat alishuka na spana, akalegeza nati za mabomba, utingo akapiga pampu ya mkono hadi mapovu yaishe. Fikiria kazi hiyo usiku, tope magotini, na nyuma yako kuna mapipa ya mafuta ambayo huruhusiwi kuyafungua kwa kuwa ni mzigo wa watu.

Na si lazima tangi liwe tupu. Panda mlima wa Kitonga ukiwa na mafuta kidogo uone: dizeli hukimbilia upande mmoja wa tangi, mdomo wa bomba la kufyonzea ukabaki nje, hewa ikaingia. Kwa hiyo wazee walijaza kabla ya mlima.

Walichagua pia mafuta. Pipa la lita 200 lililokaa juani lilikuwa na kutu na maji, na maji ni mazito kuliko dizeli, hutua chini. Walilisimamisha pipa litulie usiku kucha, wakachuja kwa kitambaa, na ya mwisho hawakuyagusa. Wengine walijaza tangi jioni, hasa nyanda za juu kama Makambako, kwa sababu baridi ya usiku hugeuza unyevu wa hewa iliyo ndani ya tangi kuwa matone. Wengine walikataa, wakisema tangi lililojaa ni mwaliko kwa mwizi mwenye mpira wa kufyonzea. Kwa baridi ya kwetu, mimi naona wa jioni walikuwa sahihi, mradi utingo alale garini.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mapipa yakapungua barabarani. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA. Desturi ingeweza kufa hapo. Ikaokolewa na uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, wakati foleni ya sheli ilikuwa kazi ya siku nzima na fedha za kigeni za kununulia mafuta hazikuwepo. Aliyekuta dizeli alijaza, geji iseme nini isiseme. Baadaye wakaja wachakachuaji, waliochanganya dizeli na mafuta ya taa, ambayo ni makavu kwa pampu. Dereva mwenye nusu tangi aliweza kuipita sheli asiyoiamini. Mwenye taa nyekundu hakuwa na uchaguzi. Mwaka 2010 serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ikapungua sana.

Ndipo vijana wakaona kanuni imepitwa na wakati. Lakini magari wanayoniletea yana pampu zinazosukuma dizeli kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 1,000, zenye nafasi ndani nyembamba kuliko unywele, na hazivumilii kukauka kama zile za Fiat. Pampu ya Fiat niliifungua kwa spana kando ya barabara. Hizi zikikauka zikasagika, chembe za chuma husambaa hadi kwenye nozeli, na mara nyingi inabidi kubadilisha vyote pamoja na kuosha tangi. Mteja anapouliza bei, huwa namwomba kwanza aketi.