Mcheza Kwao Hutuzwa: Al-Alusi na Shindano la Mfalme Oscar

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mahmud Shukri al-Alusi, mwanachuoni wa Baghdad, alicheza kwao, na tuzo ikamjia kutoka Sweden.

Katika miaka ya 1880, Mfalme Oscar wa Pili wa Sweden alitangaza shindano la uandishi juu ya hali na ustaarabu wa Waarabu kabla ya Uislamu. Shindano hilo lilifungamana na mkutano wa nane wa kimataifa wa wanazuoni wa taaluma za Mashariki, uliofanyika Stockholm na Christiania mwaka 1889.

Zama hizo Asia ilikuwa ikichunguzwa zaidi kuliko kusikilizwa. Hata ile jumuiya ya kitaaluma ya Asia, iliyoasisiwa na William Jones mjini Calcutta mwaka 1784, haikupokea wanachama Wahindi hadi mwaka 1829. Kwa hiyo, mtu wa Baghdad kulijibu swali la Ulaya kwa Kiarabu chake halikuwa jambo dogo.

Kitabu alichokiandika, Bulugh al-Arab, kinaeleza masoko ya Waarabu wa kale, ndoa zao, imani zao na elimu zao. Shahidi wake mkubwa ni ushairi. Masimulizi ya kale yanasema kwamba katika soko la Ukadh, mshairi al-Nabigha alipigiwa hema la ngozi nyekundu, na malenga wakamwendea awahukumu. Mshindani wa karne ya 19 akawa anawaelezea washindani waliomtangulia kwa zaidi ya miaka 1,200.

Lakini je, shahidi huyo anaaminika? Al-Alusi alifariki mwaka 1924. Miaka miwili baadaye, Taha Husayn wa Misri alidai kwamba sehemu kubwa ya mashairi hayo ilitungwa baada ya Uislamu kuja. Mjadala ukawaka, na haukuzimika upesi.

Kwa watu wa pwani, suala hili si la ugenini. Siasa za Mombasa katika enzi za Mazrui zimehifadhiwa pia katika tungo za Muyaka bin Haji, zilizodumu vifuani mwa watu kabla ya kuandikwa. Shairi halimwondolei mwanahistoria kazi ya kupima na kulinganisha. Bali asiyelisikiliza kabisa huandika habari za watu ambao sauti zao hakupata kuzisikia.