Mwamuzi wa besiboli huchukua miaka mingi kuiva

MNAMO Juni 2, 2010, jijini Detroit, Marekani, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo, asimruhusu hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Alibakisha mmoja tu aingie katika historia. Mwamuzi Jim Joyce akaamua kwamba huyo wa 27 amefika salama.

Picha za televisheni zilionyesha vingine. Joyce, aliyekuwa na tajriba ya zaidi ya miaka 20 katika ligi kuu, alipoziona alikiri kosa lake na kumwomba Galarraga radhi ana kwa ana. Uamuzi haukubatilishwa, video haikuruhusiwa kutumiwa kwa utata wa aina hiyo hadi 2014.

Ikiwa mkongwe huteleza hivyo, mwanagenzi hufunzwaje? Kwa miaka mingi mlango wa kazi hii ulikuwa shule za waamuzi jimboni Florida, zilizofunza kwa majuma matano kuanzia Januari. Siku hizi ligi yenyewe huandaa pia kambi za siku moja, bila malipo, kusaka vipaji.

Funzo la kwanza ni namna ya kusimama. Mwamuzi mkuu huchutama nyuma ya mdakaji, kichwa chake kikiwa kwenye upenyo baina ya mdakaji na mpigaji. Kichwa hakitikisiki; ni macho yanayoufuata mpira. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika katika muda usiotimia nusu sekunde, naye sharti aseme iwapo ulipita juu ya bamba lenye upana wa sentimita 43, baina ya magoti na kifua cha mpigaji.

Gumu zaidi ni kukawia. Ulimi wa mwanagenzi hulitangulia jicho, akatangaza kabla mpira haujatua. Hufunzwa auone hadi mwisho, aurudie akilini, ndipo anyanyue mkono. Kwenye kituo cha kwanza macho hukazia mguu wa mkimbiaji, huku masikio yakisubiri mlio wa mpira kwenye glavu.

Wanaofuzu huanzia ligi za chini kabisa, wakisafiri mji hadi mji kwa malipo haba. Ligi kuu ina nafasi 76 pekee za kudumu. Pam Postema alihudumu miaka 13 katika ligi hizo ndogo, akaachishwa 1989 bila kufika kileleni. Jen Pawol, aliyeanza 2016, aliamua zaidi ya mechi 1,000 kabla ya kuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu wa ligi kuu, jijini Atlanta, Agosti 9, 2025.

Kuanzia msimu wa 2026, mrushaji, mdakaji au mpigaji anaweza kupinga uamuzi wa mwamuzi mkuu kuhusu mpira uliorushwa. Jibu la kamera huonyeshwa kwenye skrini ya uwanja, mwamuzi akiwa amesimama papo hapo.